Nani Aweke Bikoni ya Zama: Gamba la Bahari au Kipimo cha Maabara?

Hoja: Mipaka ya hatua za historia ya dunia iendelee kuwekwa kwa visukuku vya baharini.

Wanaojadili: Mtaalamu wa visukuku, mkazi wa Kijitonyama, Kinondoni, Mtaalamu wa kemia ya miamba, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, na Mpima ardhi, mkazi wa Chamazi, Temeke.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Nianze na udongo wetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 2000, mradi ulioongozwa na Paul Pearson wa Uingereza, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ulichoronga mashimo karibu na Stakishari. Nasema Stakishari ya Kilwa, mkoani Lindi, si ile ya Ukonga. Matatu kati ya mashimo hayo, TDP 11, 12 na 17, yalipita kwenye mpaka wa Eosini na Oligosini, wa takriban miaka milioni 33.9 iliyopita. Waliujuaje? Kwa Hantkenina. Ni kiumbe wa seli moja wa kundi la foraminifera, aliyekuwa akielea baharini, mwenye gamba lisilofika milimita moja, na kila chumba cha gamba hilo kina mwiba wake. Unapanda na udongo sampuli kwa sampuli: yupo, yupo, yupo. Kisha hayupo, na hajaonekana tena popote duniani katika miamba iliyofuata. Pale alipokomea ndipo mpaka ulipo. Alama gani iliyo wazi kuliko hiyo?

MPIMA ARDHI: Dada, mimi nimepima viwanja Temeke tangu Chamazi ikiwa mashamba. Nimekuta mipaka ya aina mbili. Kuna bikoni, zege lenye namba, na kuna mnyaa alioupanda babu. Mnyaa hufa, hung'olewa usiku, na mara nyingine huchipua upande wa jirani. Kesi nyingi nilizoitwa kutoa ushahidi kwenye baraza la ardhi ni za minyaa. Sasa huyo Hantkenina wako, ni bikoni au ni mnyaa?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Bikoni yenyewe iko Italia, kaka yangu. Iko Massignano, karibu na Ancona, kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mita ya 19 ya tabaka zilizopimwa pale, na iliidhinishwa mwaka 1992. Ndivyo utaratibu wa kimataifa ulivyo: kila mpaka hupewa nukta moja kwenye mwamba mmoja, na nukta hiyo ndiyo mpaka. Kisukuku ni alama inayokuwezesha kuutambua mpaka huohuo ukiwa Kilwa, Marekani au chini ya bahari ya Pasifiki. Bikoni isiyo na alama ya kuifuata ingewafaa watu wa Massignano peke yao.

MTAALAMU WA KEMIA: Na alama ndiyo ninayoipinga, Mwalimu. Bikoni sina ugomvi nayo. Kiumbe hai huchagua pa kuishi. Anafuata joto, anafuata chakula, anaweza kusalia kwenye bahari moja wakati nyingine ameshakwisha. Hantkenina alikuwa wa maji ya joto. Kwenye bahari ya baridi inayozunguka Antaktika humkuti ukiuendea mpaka huu, na ni huko ambako barafu kubwa ilianza kujikusanya. Yaani tumechagua alama isiyosomeka mahali ambapo tukio kubwa la wakati ule lilitokea.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Angekuwa amekufa kwa kusuasua, huku leo na kule kesho, udongo wa Stakishari ungelionyesha hilo. Pale spishi tano za jamaa ya Hantkenina zinaondoka pamoja. Muda mfupi kabla yao aliondoka Turborotalia cerroazulensis, na mfuatano huo unaonekana kwenye bahari nyingine pia. Hata foraminifera wakubwa waliokaa chini kwenye maji ya kina kifupi wanapukutika karibu na mstari uleule. Mnyaa mmoja unaweza kufa kwa bahati mbaya. Ua zima likianguka siku moja, kuna kilichotokea.

MTAALAMU WA KEMIA: Kilichotokea ndicho ninachotaka mpaka ukitaje. Sampuli zilezile za Stakishari zilipimwa isotopu za oksijeni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kipimo kinapanda kwa ngazi mbili. Ya kwanza ni kupoa kwa maji, pengine na barafu kidogo. Ya pili ndiyo barafu kubwa ya Antaktika. Hantkenina anatoweka katikati, kwenye uwanda kati ya ngazi na ngazi. Barafu kubwa inakuja laki mbili hadi tatu za miaka baada yake. Mwanafunzi wa Mbagala akiniuliza, "Oligosini ilianza kwa tukio gani?" nimjibu kwamba kijigamba kimoja kilikoma, na kwamba dunia ilipobadilika sura mpaka ulikuwa umeshapita? Uhamishiwe ngazi ya pili, uitwe kwa jina la kilichotokea.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Mwanangu, hizo isotopu ulizipima kwenye nini?

MTAALAMU WA KEMIA: Kwenye magamba ya foraminifera.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Na magamba hayo nani alikuokotea? Kaka, naomba nikueleze kazi yenyewe. Udongo wa Kilwa unaulowesha ulainike, unauosha juu ya chekeche la matundu ya sehemu 63 za elfu ya milimita, kinachobaki unakikausha. Kisha unakaa kwenye hadubini na brashi nyembamba yenye unyevu, unaokota gamba moja baada ya jingine, kila spishi unaiweka peke yake. Maana wapo walioishi juu ya maji, wapo wa vilindini, na joto la juu si la chini. Ukiyachanganya, mashine itakupa namba nzuri isiyo na maana yoyote. Na uzuri wa Kilwa ni kwamba udongo wake wa mfinyanzi umeyahifadhi magamba hadi leo yanapitisha mwanga kama kioo, wakati sehemu nyingi za vilindi vya bahari yamegeuka meupe kama chokaa. Ndiyo maana mwaka 2009 Pearson na wenzake waliweza kukadiria hewa ukaa ya wakati ule kwa kupima boroni kwenye magamba hayohayo. Kemia yote hiyo inaanza na jicho linalomtambua kiumbe. Halafu kuhusu mwanafunzi wa Mbagala: mpaka si mnara wa kumbukumbu. Kazi yake ni kutambulika.

MPIMA ARDHI: Hapo namuunga mkono dada. Bikoni hatuichimbii mahali palipotokea tukio kubwa. Tunaichimbia mahali ambapo mpimaji atakayekuja baada yangu ataiona. Lakini siku hizi bikoni ikipotea sihitaji kumuuliza mzee wa mtaa. Nina vipimo vya satelaiti, narudi palepale. Kijana hawezi kuwa na kipimo cha namna hiyo?

MTAALAMU WA KEMIA: Kipo, mzee, na dunia imeshaanza kukitumia. Mwisho wa Kretasia, dainosari walipotoweka, bikoni yake iko El Kef, Tunisia, na alama yake ni udongo wenye madini ya iridi yaliyoletwa na kimondo. Mwanzo wa Eosini uko Dababiya, Misri, na alama yake ni kushuka kwa ghafla kwa kipimo cha kaboni. Zote mbili ziko Afrika. Mwaka 2020 hatua ya mwisho ya Eosini, Priaboni, ilipewa bikoni yake Alano di Piave, Italia, kwenye tabaka la majivu ya volkano. Hakuna gamba lililopewa heshima hiyo. Majivu yanaanguka kwa siku chache, na iridi haichagui maji ya joto wala ya baridi.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Majivu ya Alano yako Alano. Ukiwa Lindi huyapati, utarudi kutafuta visukuku vilivyo jirani yake. Na iridi, tusisahau ilipatikanaje. Luis na Walter Alvarez na wenzao walichapisha habari yake mwaka 1980, kutokana na udongo wa Gubbio, Italia. Nani aliwaonyesha udongo wa kupima katika mlima mzima wa chokaa? Foraminifera. Ilikuwa inajulikana tayari kwamba chini ya ule utando wapo wakubwa wa Kretasia, na juu yake wamebaki wadogo tu. Kipimo kilifuata njia iliyokwisha kuchongwa na gamba.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Kaboni inashuka na kupanda, imefanya hivyo mara nyingi. Oksijeni vilevile. Sumaku ya dunia ina nyuso mbili tu, ya kawaida na iliyogeuka. Nikikupa namba moja ya isotopu bila kukuambia udongo umetoka wapi, unaweza kunitajia zama zake? Huwezi. Nikikupa gamba moja la Hantkenina, utanitajia. Spishi ikishatoweka hairudi. Historia ya uhai haina marudio, na mpaka unataka kitu kisicho na marudio.

MTAALAMU WA KEMIA: Haina marudio, lakini ina ucheleweshaji. Mwalimu, wewe mwenyewe ulitufundisha habari ya mwanzo wa hatua ya Luteti. Kwa miaka mingi mpaka huo ulitambuliwa kwa Hantkenina huyuhuyu, pale anapotokea mara ya kwanza. Watu wakakaa kwenye miamba ya Gorrondatxe, Hispania, wakalinganisha na alama nyingine, wakakuta kwamba Hantkenina anaingia mamilioni ya miaka baada ya mahali mpaka ulipodhaniwa kuwa. Ramani ngapi, visima vingapi, viliandikwa kwa mpaka ule? Na spishi ya mwanzo kabisa ya jamaa hii, ile yenye jina la Joyce Singano wa TPDC, ndiyo iliyosaidia kuonyesha jinsi kuingia kwake kulivyo kwa taratibu, umbo moja likigeuka kuwa jingine. Unaweka bikoni wapi katikati ya kugeuka?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Mfano huo ni wa kweli na siukwepi. Lakini umalizie. Bikoni ya Luteti ilipoidhinishwa mwaka 2011 palepale Gorrondatxe, alama iliyochaguliwa ni ipi? Blackites inflatus, kisukuku cha mwani wa baharini, kidogo hata kuliko foraminifera. Kisukuku kilikosolewa na kisukuku. Na tutofautishe kuingia na kutoka. Kuingia kunaanzia mahali pamoja na kusambaa. Kutoweka kwa jamaa nzima ni tukio la aina nyingine.

MPIMA ARDHI: Ngoja niulize la nyumbani. Mawe ya matumbawe ya Msasani na Kunduchi, yale tuliyojengea misingi, yamejaa kombe. Kombe hizohizo ukienda ufukweni leo unaziokota zikiwa mpya. Kama kisukuku na kiumbe aliye hai ni kitu kimoja, mpaka wenu unasomwaje hapo?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Hausomwi kwa kombe hizo, kaka. Kisukuku cha mpaka lazima kiwe kimeishi muda mfupi, kimeenea mbali, kiwe kingi, na kitambulike bila ubishi. Kombe la Kunduchi limekosa sifa ya kwanza.

MTAALAMU WA KEMIA: Basi Kinondoni kwenyewe gamba limeshindwa. Matumbawe yale ukitaka umri wake unapima urani na thori iliyozaliwa ndani yake, kama kipande hakijaharibiwa na maji ya mvua, na njia hiyo inakurudisha nyuma hadi miaka laki tano hivi. Na tukitoka pwani ndiyo kabisa. Twende Ruhuhu, kule Ruvuma na Njombe. Miamba yake ni ya mito na maziwa, kuanzia Permi hadi Triasi. Humo ndimo alimotoka Nyasasaurus, aliyetangazwa kuwa huenda ndiye dainosari wa kale kuliko wote, au ndugu yao wa karibu sana. Sifa hiyo yote inasimama juu ya kusema kwamba aliishi katika hatua ya Anisi. Anisi ni hatua ya miamba ya bahari, yenye visukuku vya amoniti na konodonti. Ruhuhu hakuna amoniti hata mmoja. Umri wa mnyama wetu umeazimwa kwa kulinganisha mifupa na mifupa ya Afrika Kusini, na huko nako wanabishana. Mnatuwekea bikoni baharini, halafu mnatuambia watu wa bara tujitafutie.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Tatizo la Ruhuhu ni kubwa, nakubali. Lakini suluhu yake ni kutafuta daraja. Kubomoa mpaka hakutatusaidia. Tendaguru, Lindi, Wajerumani walichimba dainosari kati ya mwaka 1909 na 1913. Tabaka za mifupa zinapishana na tabaka za bahari zenye kombe na amoniti. Umri wa wanyama wale tuliupata kwa majirani zao wa baharini. Bila wao, mifupa ile mikubwa iliyoko Berlin ingekuwa haina tarehe.

MTAALAMU WA KEMIA: Na tabaka za juu za Tendaguru zinakaribia mpaka wa Jurasi na Kretasia, mpaka ambao wataalamu wa visukuku wameshindana kwa miongo mingi bila kukubaliana bikoni. Kwa nini? Kwa sababu amoniti wa kaskazini ya baridi walikuwa wengine na wa bahari ya joto wengine. Kila upande unasoma kitabu chake. Sasa linganisha na Olduvai. Lava ya bonde lile ilibeba sumaku ya kawaida katikati ya kipindi ambacho sumaku ilikuwa imegeuka, na kipande hicho cha wakati kinaitwa Olduvai duniani kote. Mwaka 1985 bikoni ya mwanzo wa Pleistosini ilipowekwa Vrica, Italia, iliwekwa karibu na ukomo wa Olduvai. Kabla ya hapo walitegemea kombe, Arctica islandica, mgeni kutoka bahari ya baridi aliyeingia Mediterania. Wakamwacha, maana ugeni wake haukuwa na saa moja. Jina la Tanzania limeingia kwenye mipaka ya dunia kwa njia ya sumaku.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Jina limeingia, nami najivunia. Lakini pale Vrica, walijuaje kwamba sumaku waliyoipima ni ya Olduvai, na si ya kipande kingine chenye uso uleule? Walisoma visukuku vidogo vya baharini vilivyokuwa kwenye tabaka hizohizo. Kila ukinionyesha kipimo, nami nitakuonyesha gamba lililokitambulisha.

MPIMA ARDHI: Mnanipeleka Italia na kunirudisha. Mimi mlipa kodi naomba jibu la hapa Dar es Salaam. Kipi kinafanyika hapa, kwa mikono yetu, na kipi lazima kipande ndege?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Hadubini, chekeche, maji na mtu aliyefundishwa. Hivyo vinapatikana hapa. Gesi inayochoma saruji Wazo na kuzungusha mitambo ya Ubungo imetoka Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 kwenye mawe ya mchanga ya Kretasia ya mwanzo. Kisima kikichorongwa, vipande vya mwamba vinapanda na matope, na mtu wa visukuku anavisoma mtambo ukiwa bado unazunguka. Hapo kutoweka kunafaa kuliko kuingia. Vipande vya juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini, kwa hiyo pale spishi ilipoingia mara ya kwanza huwezi kupaamini. Lakini mara ya kwanza unapomkuta ukishuka, ndipo alipoishia kuishi. Isotopu za Stakishari zilipimwa Uingereza. Mpaka unaosomeka kwa mashine peke yake ni mpaka wa mwenye mashine.

MTAALAMU WA KEMIA: Mashine inanunuliwa, Mwalimu. Jicho lako halinunuliki. Inachukua miaka kumfundisha mtu kutofautisha Hantkenina na jamaa zake, na wangapi wanasomea kazi hiyo sasa? Ukistaafu na usiwe na mrithi, bikoni ya Oligosini itakuwa imeandikwa kwa lugha isiyo na msomaji. Mimi siombi gamba lifutwe. Naomba kila bikoni iwe na mashahidi wengi: gamba, isotopu, sumaku, majivu, na hakuna mmoja mwenye kura ya turufu.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Mashahidi wengi ni vema, na bikoni nzuri tayari zinao. Lakini siku wakipingana, kama walivyopingana kwenye Luteti, lazima mmoja awe ametajwa wa kwanza. La sivyo kila nchi itamchagua shahidi wake.

MPIMA ARDHI: Hilo nalifahamu. Hati ya kiwanja yenye vipimo viwili vinavyopingana ni kesi iliyokwisha kuzaliwa. Sasa mniambie: kama magamba ya Kilwa ni safi hivyo, na isotopu zake zinasomeka pamoja na Hantkenina katika shimo moja, kwa nini bikoni ibaki Massignano?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Kwa sababu kwa desturi bikoni huwekwa kwenye mwamba ulio wazi, mtu aufikie kwa miguu na nyundo. Mpaka wa Stakishari umesomwa ndani ya mashimo. Na mpaka ulioidhinishwa hauguswi ovyo. Utulivu ni sehemu ya thamani yake.

MTAALAMU WA KEMIA: Desturi hiyo imeshavunjwa. Bikoni ya mwanzo wa Holosini iliidhinishwa mwaka 2008 ndani ya barafu ya Greenland, kwenye kipande kilichochorongwa. Barafu haina foraminifera. Na sheria inataka mpaka usiguswe kwa angalau miaka kumi. Ya Massignano imepita muda huo mara tatu. Kama barafu ya Greenland ilikubaliwa, udongo wa Lindi una kosa gani?

MPIMA ARDHI: Basi tuseme Tanzania imeamua kupeleka ombi. Fomu ina mstari mmoja ulioandikwa "alama kuu ya mpaka". Mtaandika nini?

MTAALAMU WA VISUKUKU: Kutoweka kwa Hantkenina. Mpaka ubaki ulipo, na anayeusoma Kilwa asome kilekile anachosoma mwenzake wa Massignano.

MTAALAMU WA KEMIA: Ngazi ya pili ya oksijeni. Na nitakapoandika hivyo, Mwalimu, mita kadhaa za udongo unazoziita Oligosini zitarudi Eosini.

MTAALAMU WA VISUKUKU: Na kila ramani na kila kisima kilichosomwa kwa Hantkenina, kuanzia Lindi hadi Marekani, kitahitaji kusomwa upya na watu ambao umetoka kusema hawapo. Nijibu hilo kabla hujaijaza fomu.